Enver Hoxha au Nicolae Ceaușescu: ukitaka kuelewa udikteta wa kikomunisti, uanze na nani?

Mtu anayetaka kuelewa udikteta wa kikomunisti wa karne ya 20 kupitia maisha ya kiongozi mmoja, mara nyingi hukimbilia Stalin au Mao. Wanafunzi na walimu wa historia huwa nawashauri wasianzie huko. Nchi zile ni kubwa mno, waliokufa ni mamilioni, na msomaji mgeni hujikuta anabishana juu ya takwimu kabla hajaelewa jinsi amri iliyotoka kwa mkubwa mmoja ilivyofika jikoni kwa mama wa kawaida. Ni heri kuanza na nchi ndogo, yenye mwanzo na mwisho unaoonekana.

Wawili ninaowapendekeza ni Enver Hoxha, aliyeitawala Albania kuanzia 1944 hadi alipofariki 1985, na Nicolae Ceaușescu, aliyeiongoza Romania kuanzia 1965 hadi alipopigwa risasi 1989. Wote wa Ulaya ya kusini-mashariki, wote waligombana na Moscow, wote waliitia hofu nchi nzima. Lakini hawafundishi somo moja, na aliye na muhula mmoja au likizo moja tu lazima achague.

Mwenye haraka achukue hili: ukitaka kuona serikali inavyoingia tumboni na kitandani mwa raia, soma Ceaușescu. Ukitaka kuona hofu inavyorithishwa kutoka baba hadi mjukuu, na nchi inavyofungwa mpaka wenyeji wasijue jirani anaishi vipi, soma Hoxha. Mimi nina upande wangu, nitausema mbele.

Walivyofika juu

Hoxha alizaliwa Oktoba 1908 Gjirokastër, mji wa nyumba za mawe kusini mwa Albania, katika familia ya Kiislamu. Alikuwa msomi kwa viwango vya nchi yake. Mwaka 1930 alipata ufadhili wa kwenda kusoma sayansi Montpellier, Ufaransa, lakini ufadhili ukakatwa na shahada hakuipata. Alifanya kazi kwa muda katika ubalozi mdogo wa Albania mjini Brussels, kisha akarudi kufundisha shule ya sekondari Korçë. Italia ya Mussolini ilipoivamia Albania Aprili 1939, alihamia Tirana na kusimamia duka la tumbaku lililokuwa mahali pa wakomunisti kukutana kwa siri. Chama kiliundwa Novemba 1941, na miaka mitatu baadaye wapiganaji wake wa msituni waliingia Tirana wenyewe, bila Jeshi Jekundu la Kisovieti kuwashika mkono. Jambo hilo lilimpa Hoxha uhalali ambao viongozi wengi wa Ulaya Mashariki hawakuwa nao, na akautumia maisha yake yote.

Ceaușescu alitoka kwenye umaskini wa kweli. Alizaliwa Januari 1918 katika kijiji cha Scornicești, kwenye familia ya wakulima, na akiwa na miaka 11 akapelekwa Bucharest kujifunza ushonaji viatu. Ujana wake uliishia jela mara kwa mara kwa siasa za chama kilichopigwa marufuku, na huko gerezani akawa karibu na Gheorghe Gheorghiu-Dej, mtu aliyekuja kuitawala Romania baada ya vita. Gheorghiu-Dej alipofariki Machi 1965, wazee wa chama walimchagua kijana huyu wa miaka 47 kwa kudhani atakuwa rahisi kuelekezwa.

Hapa pana onyo kwa mwanafunzi. Jela mbaya kuliko zote za Romania, kama zile za Sighet na Pitești, pamoja na kazi za sulubu za mfereji wa Danube, ni za enzi ya Gheorghiu-Dej. Wafungwa wa kisiasa waliachiwa kwa msamaha mkubwa wa 1964, kabla Ceaușescu hajashika usukani. Ukimsoma yeye peke yake unaweza kudhani Romania ilitawaliwa kwa njaa na wapelelezi tu, bila mauaji mengi. Damu nyingi ilishamwagwa kabla yake, na watu walikuwa wameshajifunza kunyamaza. Kwa Hoxha hakuna mgawanyo huo. Mtu ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ceaușescu: amri inayoingia hadi chumbani

Oktoba 1966 serikali ya Ceaușescu ilitoa Amri namba 770, iliyopiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa wachache, wakiwemo wanawake waliovuka miaka 45 na wale waliokwisha kulea watoto wanne. Vidonge na vifaa vya kupanga uzazi navyo vikaadimika. Lengo lilikuwa kuongeza idadi ya watu ili viwanda vipate wafanyakazi. Mwaka uliofuata watoto waliozaliwa walikaribia kuwa maradufu: kutoka takriban 273,000 mwaka 1966 hadi zaidi ya 520,000 mwaka 1967. Shule, wodi za wazazi na nyumba hazikuongezwa kwa kasi hiyo.

Kisha wanawake wakaanza kutafuta njia za kificho, na idadi ya waliozaliwa ikashuka tena. Serikali ikakaza kamba. Miaka ya 1980 wanawake walikuwa wakipimwa uzazi kazini, viwandani kwao, ili mimba ijulikane mapema na ifuatiliwe. Wasio na watoto walikatwa kodi. Mwanamke aliyefikishwa hospitali akivuja damu aliweza kukuta mpelelezi kabla ya daktari, naye daktari akaogopa kumtibu kabla hajataja aliyemsaidia. Takriban wanawake 10,000 walikufa kwa utoaji mimba usio salama katika miaka 23 ya amri hiyo. Ilifutwa siku moja tu baada ya Ceaușescu kuuawa, na vifo vya wajawazito vikaporomoka mwaka uliofuata.

Watoto ambao wazazi hawakuweza kuwalea walijaa kwenye vituo vya serikali. Mwaka 1989 walikuwa karibu 100,000, wengine wamefungwa kwenye vitanda vya chuma, wengi hawajawahi kubebwa wala kusemeshwa vya kutosha wakajifunza kuongea. Maelfu waliambukizwa virusi vya Ukimwi kwa sindano na damu isiyopimwa. Katika yote niliyosoma kuhusu Romania, hakuna linalonikera kama hili, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuwatesa watoto hao. Mtu mmoja alitaka idadi, na waliomzunguka wakampa idadi.

Halafu kuna njaa. Miaka ya 1970 Romania ilikopa kwa nchi za Magharibi kujenga viwanda na mitambo ya kusafisha mafuta, na kufikia 1981 deni lilikuwa limefika takriban dola bilioni 10. Ceaușescu akaamua kulilipa lote, haraka, kwa kuuza nje chakula na bidhaa. Mkate, sukari, mafuta ya kupikia na nyama vikawa vya mgawo. Serikali ikatangaza mpango wa lishe ya kisayansi, ukidai kwamba Waromania wanakula kupita kiasi. Gesi ya kupikia katika magorofa ya Bucharest ilikuwa hafifu mchana, kwa hiyo kina mama waliamka usiku wa manane kupika moto ulipopata nguvu. Watu walivaa makoti ndani ya nyumba. Televisheni ilirusha matangazo takriban saa mbili kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa ni yeye. Mwaka 1983 wenye mashine za kupiga chapa walitakiwa kuzisajili polisi. Aprili 1989 alitangaza kwamba deni limekwisha, na foleni za chakula zikabaki palepale.

Wakati huohuo, katikati ya Bucharest mitaa ya zamani ilikuwa inabomolewa kupisha jengo ambalo leo ni Ikulu ya Bunge: vyumba zaidi ya 1,000, eneo la mita za mraba 365,000, na ujenzi ulioanza 1984 chini ya mbunifu Anca Petrescu. Ceaușescu hakuishi kuliona limekamilika.

Hoxha: doa linalorithiwa

Katika Albania ya Hoxha kosa halikuwa la mtu mmoja. Baba akionekana adui, mke, watoto na wakati mwingine wajukuu walihamishiwa vijiji vya uhamishoni, wakaishi kwenye mabanda, wakajiandikisha kwa polisi kila siku, wakanyimwa chuo kikuu, wakaogopwa hata na wachumba. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma na kuoa huko uhamishoni kwa kosa ambalo halijui. Waliouawa kwa sababu za kisiasa walizidi 5,000, katika nchi iliyokuwa na watu takriban milioni moja tu vita ilipokwisha. Makumi ya maelfu walifungwa au kuhamishwa.

Na hakuna aliyekuwa salama kwa sababu ya cheo. Wizara ya Mambo ya Ndani, yenye polisi wa siri wa Sigurimi, ndiyo inayoonyesha hili vizuri. Koçi Xoxe aliiongoza, akauawa 1949 baada ya Hoxha kukatana na Tito wa Yugoslavia. Mehmet Shehu aliiongoza kabla ya kuwa Waziri Mkuu kwa zaidi ya miaka 25. Mtoto wake wa kiume alipochumbia binti wa familia yenye ndugu maadui wa chama nje ya nchi, Shehu alishambuliwa kwa maneno makali mbele ya vigogo wenzake, na Desemba 1981 akakutwa amekufa chumbani kwake kwa risasi. Serikali ilisema amejiua. Baada ya hapo akatangazwa jasusi wa mataifa kadhaa kwa pamoja, na mkewe na wanawe wakatiwa ndani. Kadri Hazbiu aliiongoza wizara hiyo zaidi ya miaka 20, akauawa 1983. Aliyempokea, Feçor Shehu, akauawa pamoja naye. Mwanafunzi akiifuata wizara hii moja kwa makini atakuwa ameielewa Albania nusu nzima.

Dini nayo ilifutwa. Mwaka 1967 misikiti na makanisa zaidi ya 2,000 yalifungwa: mengine yalibomolewa, mengine yakageuzwa maghala au kumbi za michezo. Katiba ya 1976 ilisema wazi kwamba serikali haitambui dini yoyote. Padri Mkatoliki Shtjefën Kurti aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kumbatiza mtoto kwa siri akiwa kizuizini. Katika nchi ambayo walio wengi walikuwa na asili ya Kiislamu, kufunga Ramadhani kukawa jambo la kuficha hata kwa watoto, kwa sababu mtoto aliweza kuulizwa shuleni kama nyumbani jana walikula mchana.

Halafu kuna ngome za zege. Hoxha aliamini kwamba nchi itavamiwa na yeyote: Yugoslavia, Ugiriki, Marekani, Umoja wa Kisovieti, au wote. Kuanzia miaka ya 1970 zilijengwa ngome ndogo za mviringo kama uyoga, zenye tundu la kutolea mtutu, ufukweni, mashambani, makaburini, kando ya shule. Utasoma mahali pengi kwamba zilikuwa 750,000. Hesabu za serikali yenyewe zinaonyesha zilizojengwa ni takriban 173,000, na hata hizo zilimeza saruji na chuma ambavyo vingejengea wananchi nyumba. Hakuna aliyewahi kuvamia.

Haki itendeke kwa upande mwingine pia, kwani wazee wa Albania wakiulizwa huutaja. Kabla ya vita, idadi kubwa ya Waalbania hawakujua kusoma. Hoxha alipofariki karibu wote walijua. Malaria ilitokomezwa, mabwawa yakakaushwa, na mwaka 1970 serikali ilitangaza kwamba umeme umefika kila kijiji. Ceaușescu hana mafanikio ya kulingana na hayo, kwani Romania aliyoikuta ilikuwa imeshatangulia sana.

Dunia ilivyowapokea

Hapa ndipo tofauti yao ni kubwa kuliko popote, na ndipo msomaji wa Kiswahili anapokuta nyayo karibu na kwao.

Ceaușescu alipendwa nje. Agosti 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, yalipoivamia Chekoslovakia, alisimama Bucharest mbele ya umati na kulaani uvamizi huo waziwazi. Lilikuwa tendo la ujasiri, na watu wake walimshangilia kwa dhati siku ile. Nchi za Magharibi zikamfungulia milango: Rais Nixon alimtembelea 1969, na mwaka 1978 alilala Buckingham Palace kama mgeni wa Malkia Elizabeth na kuvikwa nishani, ambayo Uingereza ilimvua Desemba 1989 siku chache kabla hajafa. Mwaka 1972 alizunguka nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Zambia na Zaire. Urafiki wake na Mobutu uliendelea hadi mwisho. Wasomaji wa Kongo wenye umri wanakumbuka picha za maiti ya Ceaușescu zilivyorushwa kwenye televisheni, na jinsi Mobutu alivyotangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, miezi minne tu baadaye.

Hoxha alizidi kujifungia. Alikatana na Yugoslavia 1948, na Umoja wa Kisovieti 1961, na China 1978, kila mara akisema wenzake wameusaliti ujamaa wa Stalin, na kila mara wananchi wakalipa kwa kukosa mikopo, vipuri na ngano. Hata hivyo Albania yake ina alama moja katika historia ya diplomasia ya Tanzania. Azimio lililoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti Umoja wa Mataifa tarehe 25 Oktoba 1971 lilijulikana kama azimio la Albania, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolidhamini. Lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35. Balozi Salim Ahmed Salim na wenzake walisherehekea ukumbini kwa furaha ambayo Marekani haikuisahau alipogombea ukatibu mkuu mwaka 1981.

Mwisho wao, na mtego uliomo

Tarehe 21 Desemba 1989, wakati katika mji wa Timișoara, magharibi mwa Romania, wameshauawa watu, Ceaușescu aliitisha mkutano wa hadhara Bucharest. Tazama video yake, ipo mtandaoni. Anahutubia kutoka kwenye roshani, amevaa koti na kofia ya manyoya. Kelele zinaanza nyuma ya umati. Anasita, mdomo wazi, anainua mkono. Elena, mkewe, anasikika akiwaamuru watu watulie. Picha inakatwa, kisha inarudi, na yeye anaanza kuahidi nyongeza za mishahara na pensheni. Kesho yake wanaruka kwa helikopta kutoka paa la jengo lilelile. Siku ya Krismasi, kwenye kambi ya jeshi Târgoviște, wanahukumiwa kwa takriban saa moja, yeye akishikilia kwamba atajibu mbele ya Bunge tu, kisha wanapigwa risasi.

Ni mwisho unaoshika moyo, na hapo ndipo mtego ulipo. Unamwacha mwanafunzi akidhani haki imetendeka na jambo limekwisha. Katika kesi ile walishtakiwa kuua watu zaidi ya 60,000. Waliokufa nchi nzima katika mapinduzi hayo walikuwa takriban 1,100, na wengi wao waliuawa baada ya Ceaușescu kukimbia, wakati nchi iko mikononi mwa watu waliokuwa jana tu ndani ya chama chake. Kuzikwa kwa mtu na mkewe kulisaidia wengi kutoulizwa maswali.

Hoxha alikufa kitandani Aprili 1985, akaliliwa na umati, akajengewa jumba la makumbusho la umbo la piramidi katikati ya Tirana, binti yake akiwa mmoja wa wasanifu. Sanamu yake iliangushwa na wananchi Februari 1991, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishwa kutoka makaburi ya mashujaa kwenda makaburi ya kawaida. Mjane wake Nexhmije alifungwa miaka michache, akatoka, akaishi hadi 2020 akiwa na miaka 99, bila kuomba radhi. Faili za Sigurimi zilipata sheria ya kufunguliwa 2015 tu, miaka 30 baada ya kifo cha Hoxha. Bila pazia la mwisho la kuvutia, msomaji wa Albania analazimika kuuliza: nani walisaini, nani walichungulia, nani walipokea nyumba ya jirani aliyehamishwa?

Basi umchukue nani

Ceaușescu ana faida ya vifaa. Video ni nyingi, maandiko ya Kiingereza na Kifaransa yamejaa, na anayeweza kusafiri ataingia Ikulu ya Bunge na hata nyumba ya familia yao Bucharest. Kwa mwalimu wa sekondari mwenye vipindi vitatu, yeye ndiye anayefaa: amri ya 1966, deni, hotuba ya mwisho, na darasa litakuwa macho. Kwa anayesoma afya ya jamii au sera ya uzazi, sioni hata haja ya kulinganisha.

Kwa wengine wote namchagua Hoxha. Vifaa ni vichache zaidi na majina ya Kialbania yanachosha mwanzoni, lakini utaona mfumo mzima, kuanzia vita ya ukombozi iliyokuwa ya haki hadi mtoto anayezaliwa na hatia. Ukifika Tirana, nenda kwanza Nyumba ya Majani, yalipokuwa makao ya wasikilizaji wa simu za watu, ndipo uende handaki la Bunk'Art, ambalo sasa ni makumbusho. Wageni wengi hufanya kinyume, wakatoka na picha za zege tu. Ukiwa na vitabu peke yake, anza na miaka ya 1981 hadi 1983, kifo cha Mehmet Shehu na yaliyofuata, kisha rudi nyuma hadi 1944.